Kobayi yako ipate ya kutafuna
Kama unafuga kobayi hapa Bukavu, ujue meno yake yote 20 inakuaka mpaka siku itakufa, na kama haina kitu ya kusaga inakuwa marefu, inajipinda, munyama anashindwa kula na anakonda, inauma roho kuona vile. Njo maana majani isikose usiku na muchana, matete, majani ya muhindi, ile ngumu-ngumu njo inasagaka meno ya nyuma, bugali yenye ilibakia haisaidie kitu. Ongeza kijiti kibichi cha mupera, ukinawishe kwanza. Ya avoka hapana kabisa, ni sumu! Ukiona mate inalowesha kidevu, mupeleke kwa veterinere mbio, usingoje kesho.