Kuonyesha roketi ya Mwezi kibandani bila kurudisha viingilio

Agosti 29, 2022 niliandika ubaoni kwa chaki, hapa Mikindani: "Leo saa 9:33 alasiri, roketi ya Mwezi, kiingilio mia tatu." Haikuruka. Joto la injini moja liliwatia shaka NASA, shirika la anga la Marekani, nikarudisha hela zote, mpaka za waliokwisha kula mihogo yangu.

Wewe mwenye kibanda, safari kama ile ikija tena, tangaza dirisha, yaani muda roketi inapoweza kuruka, si saa. Artemis I, ndiyo safari yenyewe, siku ile ilipewa saa mbili tu za kuruka; zikipita, basi. Wala si lazima kesho ifae. Mwezi uwe mahali pake, na Orion, chombo kilichobebwa na roketi, safari ile bila mtu ndani, kisikae gizani zaidi ya dakika 90 mfululizo, maana kinakula umeme wa jua. Siku nzuri huja kwa mafungu, kama bamvua. Mvuvi wa hapa haulizi kwa nini leo hatutoki.

Weka na siku za akiba, nyingi. Septemba 3 haidrojeni, mafuta ya roketi, ilivuja. Ile huhifadhiwa kimiminika kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, na ikipata upenyo mdogo tu, inatoka. Mwisho wa mwezi kimbunga Ian kikawarudisha bandani.

Saa ndiyo iliyoniumbua. Florida, huko Marekani inakorukia, iko nyuma yetu kwa saa saba, lakini Jumapili ya kwanza ya Novemba wao hurudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa nane. Dirisha la Novemba 16 lilifunguka kwao saa 7:04 usiku. Nikajumlisha saba, nikaita watu saa mbili asubuhi, tena msimu wa korosho! Dirisha likafunguka saa tatu, kisha tukangoja tena: kabla ya hapo valvu ilikuwa imevuja, mafundi wakaingia kukaza boliti chini ya roketi iliyojaa mafuta, kazi ikachelewa. (Hao ndio ningewalipa mimi.) Iliruka saa 3:47. Nilibaki na wateja watano.

Kiingilio usikusanye mapema. Hesabu ya kurudi nyuma husimamishwa kwa makusudi zikibaki dakika 10. Majaribio yale mawili yaliahirishwa kabla haijavuka hapo. Ikianza kutembea tena, ndipo upitishe kopo. Mimi siku ile nilipitisha, nikapata elfu moja na mia tano.