Mkono wa kuvutia tela zito: pima mshuko kabla ya kununua

Pikapu za 4x4 hukaa juu, na matela mengi hukaa chini. Ndiyo maana kuna mikono ya kuvutia inayorekebishika. Bomba la mraba linaingia kwenye soketi iliyo chini ya bampa, mbele yake kuna bamba la wima lenye safu ya matundu, na kibao kinachobeba gololi (tufe la chuma ambalo kofia ya tela hufunga juu yake) hupandishwa au kushushwa tundu kwa tundu kisha kufungwa kwa pini. Mnunuzi akifika dukani huangalia namba moja tu, ile ya uzito wa kuvuta. Namba hiyo ina kazi yake, lakini mkono wenye nguvu za kutosha ukifungwa kwenye tundu lisilo lake bado utakusumbua barabarani.

Tela likiinua pua, uzito unarudi nyuma, shingo inakuwa nyepesi na tela linaanza kutikisa mkia ukiongeza mwendo. Likiinamisha pua kupita kiasi, mkia wa gari unalemewa, magurudumu ya mbele ya gari yanapoteza mshiko, na kwenye tela la ekseli mbili ekseli ya mbele inabeba mzigo wa mwenzake hadi tairi zinachemka. Tunachotaka ni tela lililolala sawa na ardhi likiwa na mzigo wake wa kweli.

Uzito wa shingo kwanza

Shingo ni ile sehemu ya mbele ya tela inayokalia gari. Uzito unaoshuka pale ndio unaoamua mengi, hata kuliko uzito wote wa tela. Kwa matela ya mizigo, lenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa, bila kuvuka ukomo wa gari. Hapo ndipo watu wengi hukwama. Gari lililopewa ukomo wa kuvuta kilo 3,500 mara nyingi hupewa kilo 350 tu za shingo. Kwa hiyo tela la kilo 3,000 kwenye gari hilo lina nafasi finyu: chini ya kilo 300 litayumba, juu ya 350 utavunja ukomo. Soma kitabu cha gari lako na kibati cha soketi, usikisie. Na kumbuka kwamba uzito wa shingo unahesabika kama mzigo wa gari: ukiwa na kilo 320 shingoni, umebakiwa na kilo 320 pungufu za kupakia nyuma ya pikapu.

Ili kuupima si lazima uwe na mzani wa barabarani. Chukua mzani wa bafuni, ubao mgumu wa mita moja na vipande viwili vya bomba. Egesha tela lililopakiwa mahali tambarare na uzibe magurudumu kwa mawe. Upande mmoja ubao ukalie kipande cha bomba kilichowekwa juu ya tofali, upande wa pili ukalie kipande kingine kilichowekwa katikati ya mzani, urefu wa pande zote ukiwa sawa. Kati ya bomba na bomba paache sentimita 90. Rudisha mzani kwenye sifuri ubao ukiwa juu yake, kisha teremsha shingo iukalie ubao sentimita 30 kutoka upande wa tofali, yaani 60 kutoka upande wa mzani. Mzani unabeba theluthi moja, kwa hiyo zidisha kwa 3. Ukisoma 104, shingo ina kilo 312. Usiingize mguu chini ya shingo wakati wa kazi hii.

Sasa mshuko

Mshuko ni umbali kutoka uso wa juu wa bomba la mkono hadi uso wa juu wa kibao cha gololi. Unahitaji vipimo vitatu, vyote kwa milimita na vyote kwenye sakafu tambarare.

A: kutoka ardhini hadi paa la ndani la soketi ya gari.
B: kutoka ardhini hadi paa la ndani la kofia ya tela, pale kichwa cha gololi kinapogusa, tela likiwa limelala sawa. Weka pima maji juu ya fremu na usawazishe kwa jeki.
C: urefu wa gololi yenyewe, kutoka kitako hadi kichwani.

Mshuko ni A, toa B, jumlisha C.

Kosa kubwa liko kwenye A. Mtu anapima gari likiwa tupu asubuhi, ananunua, anafunga tela, mkia wa gari unashuka, na hesabu yote imekwenda. Kabla ya kupima, weka ndani ya gari watu, mafuta na vifaa vya kawaida, kisha panga mifuko ya saruji ya kilo 50 ikikaribia kabisa mlango wa nyuma, kiasi kinacholingana na uzito wa shingo ulioupima. Kwa kilo 300 ni mifuko sita. Tikisa gari mara mbili tatu springi zikae, ndipo upime.

Mfano: soketi iko milimita 600 gari likiwa tupu, na 550 baada ya mifuko sita. Kofia ya tela iko 450, gololi ina urefu wa 80. Hesabu sahihi ni 550 − 450 + 80 = 180. Aliyepima gari tupu angepata 230, tela lake lingeinamisha pua milimita 50. Matundu ya mikono mingi yameachana kwa inchi moja, yaani milimita 25 na kidogo, kwa hiyo hutapata 180 kamili. Inchi 7 ni 178, na hiyo inatosha kabisa. Ukibaki katikati ya matundu mawili, chagua la chini: pua iliyoinama kidogo ina usalama kuliko pua iliyoinuka kidogo.

Usinunue mkono ambao mshuko wako ni tundu lake la mwisho. Tela la pili litakuwa na kimo kingine, na springi za gari nazo huchoka. Wala usichukue mrefu kupita mahitaji, kwa sababu kadiri gololi inavyoshuka chini ya soketi ndivyo kila kufunga breki kunavyoipinda soketi kama mtu anayesukuma mtarimbo. Zaidi ya hayo kuna matuta. Mkono uliobaki umening'inia bila tela utagonga tuta la kwanza. Ukishafungua tela, uchomoe au uugeuze juu.

Namba zilizopigwa kwenye chuma

Mikono hii imeenea kutoka Marekani, ndiyo sababu namba zake huwa za ratili na inchi. GTW ni uzito wote wa tela, TW ni uzito wa shingo, lb ni ratili. Gawanya kwa 2.2046 upate kilo: 10,000 ni kama kilo 4,536, na TW ya 1,000 ni kama kilo 454. Mkono wa gololi mbili unaweza kuwa na ukomo tofauti kwa kila gololi, soma yote mawili. Kisha panga gari, soketi, mkono, gololi, kofia ya tela na minyororo. Chenye namba ndogo kuliko vyote ndicho ukomo wa msafara mzima. Mkono wa tani sita hauliongezei gari la tani tatu na nusu hata kilo moja.

Soketi ya kawaida ya pikapu ina inchi 2 ndani, milimita 50.8, na pini yake ni ya inchi 5/8, takriban milimita 16. Pikapu kubwa za Marekani zina inchi 2½ au 3. Kifuko cha kupunguzia ukubwa kinafanya kazi, ila huongeza kucheza, na ukomo wake nao uingie kwenye hesabu. Soketi iliyotengenezwa na fundi wa kuchomelea iingize kidole ndani: mshono wa bomba usiposagwa, mkono hauingii vizuri, na ukisagwa kupita kiasi utagonga kila shimo. Pini iwe ya kazi hiyo yenye kipini cha kuizuia, si kipande cha nondo wala bolti ambayo nyuzi zake zinakaa pale pale mzigo unapotaka kuikata.

Gololi

Afrika Mashariki utakutana sana na gololi ya milimita 50, na sanduku la Marekani mara nyingi huja na ya inchi 2, yaani 50.8. Kofia ya 50 inaweza kugoma kufunga juu ya 50.8, kofia ya inchi 2 juu ya 50 inafunga lakini inacheza. Ya hatari zaidi ni inchi 1⅞, milimita 47.6, kwa sababu kwa macho inafanana na 50 na kofia inaweza kuchomoka juu yake gari likiingia shimoni. Pima kwa kalipa, usiamini jicho. Gololi ya 50 iliyolika hadi 49 imemaliza kazi yake.

Tundu la kibao lisizidi shina la gololi kwa zaidi ya milimita 1.5. Usilitanue kwa kuchimba, wala usichomelee chochote kwenye mkono, maana joto linabadilisha chuma pale pale kinapobeba mzigo. Nati ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu: shina la inchi ¾ takriban Nm 217, la inchi 1 takriban 339, la inchi 1¼ takriban 610, isipokuwa mtengenezaji ameandika namba yake. Hiyo 610 huwezi kuipima kwa spana ya kawaida na bomba la kurefushia. Nenda kwa fundi wa malori.

Chuma au alumini? Kwa mizigo ya kila siku chuma ni sawa na bei yake ni nafuu. Alumini ni nyepesi kuchomoa, lakini kwa wavuta boti wa pwani ina jambo lake: alumini ikikutana na chuma kwenye maji ya chumvi inalika, na pini zinaganda matunduni. Baada ya kuteremsha boti, chomoa pini, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, paka grisi nyembamba.

Kabla ya kuondoka

Funga kofia, kisha inua shingo kwa jeki ya tela hadi mkia wa gari upande sentimita chache. Kofia ikichomoka hapo, ilikuwa haijashika, na umegundua uani badala ya kwenye mteremko. Minyororo ipishane chini ya shingo na ifungwe kwenye soketi au chesisi ya gari, kamwe si kwenye mkono. Waya wa breki ya dharura vilevile. Mshuko mkubwa hula urefu wa mnyororo, kwa hiyo piga kona kali taratibu ukiangalia kama inakaza au inaburura chini. Baada ya kilomita 50 za kwanza, hasa kwenye vumbi lenye makorongo, simama ujaribu nati ya gololi tena kwa spana na uangalie pini zote mbili za kibao.