Ukitaka kuongoza okestra, anza na pumzi

Nilipomwambia shangazi yangu hapa Moshi kwamba najifunza ukondakta, aliuliza: "Wa gari za Marangu au za Machame?" Sasa nina miaka kumi na sita nafundisha kwaya, na kijana akinijia anataka kusimama mbele ya okestra, swali lake la kwanza huwa ni kile kijiti. Kijiti utachonga mwenyewe, mdogo wangu. Kiache kwanza.

Anza na stafu, ile mistari mitano ya kuandikia nota. Najua kwaya zetu zinaishi kwa solfa, nami siidharau. Masikio haya yamelelewa na do-re-mi za mazoezi ya Jumamosi. Ila do ya solfa inahama, leo iko F, kesho iko G. Mwimbaji hana shida nayo. Mpiga tarumbeta anataka kujua abonyeze vali zipi. Tena partitura ya okestra, karatasi yenye sauti za ala zote, filimbi na klarineti juu, tarumbeta katikati, vayolini na wenzake chini, utaikuta kwenye mistari mitano.

Halafu zijue ala zinazosema uongo. Tarumbeta ya B-flati ikiandikiwa C, sikio linapata B-flati, hatua moja chini. Kwa hiyo wimbo ambao do yake iko F unamwandikia mpigaji wake G. Honi ya F, ile ala ya shaba iliyojiviringa, unaipandisha zaidi: wimbo huohuo unaiandikia C.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Pasaka moja nilikesha nikihamisha nota za bendi ya matarumbeta kutoka usharika wa jirani, kila kitu G kama vitabu vinavyoelekeza. Kumbe wale wapigaji walifundishwa kwa mtindo wa makanisa ya Kijerumani, ambako mwenye tarumbeta ya B-flati husoma sauti kama ilivyo, wala hahitaji kuhamishiwa. Wakapiga G, kwaya ikaimba F. Mama mmoja wa sauti ya pili alifunga daftari lake taratibu, akakaa. Siku hizi kabla sijaandika chochote namwita mpigaji karibu na kinanda: "Nipigie C yako." Nikisikia, najua niandike vipi.

Mikono sasa. Mapigo manne ni chini, ndani, nje, juu, mkono wa kulia. Utayashika kwa siku mbili. Kazi iko kwenye mkono wa kushoto, ambao kwa wengi wetu unamwiga tu wa kulia kama kivuli. Dawa yangu ni kikombe cha chai: kulia unapiga manne, kushoto unakipeleka kikombe mdomoni polepole kwa mapigo manane, unakunywa, unakirudisha. Siku chai isipomwagika, mkono huo uko tayari kuwaita besi waingie.

Lakini kondakta anapimwa kabla ya sauti ya kwanza. Kuna pigo linalotangulia pigo, mkono unapanda na wewe unavuta pumzi. Pumzi hiyo inabeba mwendo na ukubwa wa sauti. Ukivuta kwa pupa, wataingia kwa pupa, hata kama karatasi imeandikwa polepole. Waite waimbaji wanne, usihesabu, usiseme neno, inua mkono na pumua, waimbe "Haleluya" moja. Wakiingia vipandevipande usiwagombeze. Rudia wewe. Simfoni ya Tano ya Beethoven inaanza na kimya kifupi kabla ya nota ya kwanza, na makondakta wakubwa wanakiogopa kimya hicho.

Shule ipo karibu: Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale karibu na Usa River, kinatoa shahada ya muziki. Kazi ya mshahara ni habari nyingine. Mimi sijawahi kuona tangazo mjini hapa linalotafuta kondakta, na kodi yangu inalipwa na watoto ninaowafundisha piano. Ila Armand Diangienda alikuwa rubani, na mwaka 1994 akaanzisha okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, kule Kinshasa, wapigaji wakipokezana vayolini kwa kuwa hazikutosha. Hakungoja kuajiriwa.

Kwa hiyo Jumamosi hii mwombe mwalimu wako wa kwaya akuachie ubeti mmoja, wa mwisho. Nyumbani imba sauti zote nne, moja baada ya nyingine, hata ile usiyoifikia. Weka alama za pumzi kwa penseli. Si kwa kalamu, maana utazifuta mara nyingi.