Jinsi ya kutengeneza listi ya watu maarufu waliosoma shule za umma za mji mdogo Marekani

Listi nyingi za hivi zina kosa moja linalojirudia, mtu kazaliwa kwenye hospitali ya mji basi anahesabiwa amesoma pale, anawekwa juu kabisa na wasomaji wanashangilia. Hapana jamani. Aliyesoma pale ni yule aliyekaa kwenye dawati la pale na mwalimu wa pale akamfundisha, na hilo ndilo unatakiwa ulithibitishe kabla jina halijaingia. Mfano wangu mkuu utakuwa Hot Springs, Arkansas, mji mdogo tu wa watu kama elfu 38, kwa sababu karibu kila mtego utakaokutana nao upo pale.

Kwanza elewa unachokitafuta. "Wilaya ya shule" kule Marekani sio wilaya kama tunayoijua sisi yenye mkuu wa wilaya. Ni kama kaserikali ka elimu kanakojitegemea, kana bodi yake ambayo mara nyingi wananchi wanaipigia kura, kanaendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majengo na ardhi ya eneo lake, kana msimamizi wake mkuu, na mipaka yake haifuati lazima mipaka ya mji. Hapo Hot Springs kuna wilaya ya shule yenye jina la mji, lakini pembeni tu, kaunti hiyo hiyo ya Garland, kuna Lakeside, kuna Lake Hamilton, kuna Fountain Lake, na mtoto anaweza kuandikiwa barua kwa anwani ya Hot Springs huku anasoma Lakeside. Kwa hiyo ukisikia "ni mtu wa Hot Springs" usikimbilie kuandika, uliza shule gani, kwa jina.

Sasa tuje kwenye kuzaliwa. Alan Ladd, mwigizaji, alizaliwa Hot Springs mwaka 1913 ila shule ya sekondari alisoma North Hollywood, California. Billy Bob Thornton naye kazaliwa Hot Springs 1955, sekondari kasoma Malvern, mji wa jirani. Halafu geuza upande wa pili, Bill Clinton hakuzaliwa pale, alizaliwa mji wa Hope mwaka 1946, lakini alikulia Hot Springs na akamaliza Hot Springs High School 1964. Yaani ukienda kwa kigezo cha kuzaliwa unawaingiza wawili wasiohusika na unamwacha nje rais wa nchi! Na hata huyo Clinton kuna kipindi akiwa mdogo alisoma shule ya Wakatoliki, ndio akahamia shule ya msingi ya umma, kwa hiyo kumbuka pia kutenganisha shule za umma na za dini. Kule Minnesota kuna mji unaitwa Hibbing, Roger Maris yule mchezaji wa besiboli aliyepiga hom-rani (pigo linalovusha mpira nje ya uzio wa uwanja) 61 mwaka 1961 amezaliwa pale, watu wanamweka kwenye listi, wakati sekondari alimalizia Fargo, North Dakota, tena shule ya Kikatoliki. Makosa mawili kwa jina moja.

Majina nayo yanasumbua sana. Tafuta kwa jina alilokuwa nalo siku zile za shule, sio la leo. Clinton alizaliwa akiwa na jina la Blythe, baba yake alifariki kabla hajazaliwa, Clinton ni jina la baba wa kambo ambalo alikuja kulichukua rasmi akiwa kijana. Bob Dylan, yule mwanamuziki, alisoma Hibbing kama Robert Zimmerman. Na wanawake ndio wanaopotea zaidi kwenye hizi listi, mtu alikuwa binti mwenye jina la baba yake, akaolewa, akawa jaji au mwanasayansi kwa jina la mume, na anayetafuta hapati kitu anadhani hakusoma pale. Ukiona listi ya mji ina wanaume watupu usiikubali hivyo hivyo, rudi ukatafute majina ya kabla ya ndoa.

Ushahidi unaupata wapi? Mimi naanza na kitabu cha mwaka, kile kinachotolewa na wanafunzi wenyewe kila mwaka chenye picha za kila darasa. Nyingi zimeshaskaniwa na maktaba za miji na unazisoma bure. Cha Hibbing High School kinaitwa Hematite, jina la aina ya madini ya chuma, maana mji wenyewe umejengwa na migodi ya chuma. Fungua cha 1959, nenda kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, utamkuta kijana Robert Zimmerman, na chini yake imeandikwa ndoto yake: kujiunga na Little Richard, mwimbaji wa rock and roll aliyekuwa anatamba enzi hizo. Halafu klabu zake, Latin Club na namba 2, Social Studies Club na namba 4. Hizo namba usizipite, ni mwaka wa masomo aliokuwa kwenye hiyo klabu, wa pili na wa nne, kwa hiyo mistari miwili tu inakupa ushahidi kwamba hakuja pale mwishoni kupiga picha, alikuwepo tangu mapema. Miaka 57 baadaye akapewa Nobel ya fasihi. Mimi hako kamstari ka Little Richard nakapenda kuliko wasifu wowote, kaliandikwa wakati hakuna aliyejua.

Ila angalizo, picha ya darasa la chini inathibitisha alisoma, haithibitishi alimaliza. Kumaliza tafuta kwenye ratiba ya mahafali au gazeti la mji la mwezi wa 5 au wa 6, magazeti ya miji midogo yalikuwa yanaweka majina ya wahitimu wote. Kwa mtu wa zamani angalia na sensa, Marekani hufungua fomu za sensa zenye majina baada ya miaka 72, kwa hiyo ya 1950 ilifunguliwa 2022 na unaona kabisa mtoto alikuwa anaishi nyumba gani mtaa gani.

Ukiandikia wilaya ya shule waulize kitu kidogo, jina moja, mwaka mmoja, je alihitimu. Usiombe matokeo wala ripoti za nidhamu, kuna sheria ya shirikisho ya 1974 inayolinda rekodi za wanafunzi, ila jina, miaka aliyosoma na tuzo shule nyingi zinaruhusiwa kukupa. Mkutubi wa mji mara nyingi ndio atakusaidia haraka zaidi, hao watu wanapenda kweli kazi yao.

Sasa hili ndilo naomba mlichukulie kwa uzito. Miji mingi ya kusini mwa Marekani ilikuwa na sekondari mbili za umma, ya wazungu na ya weusi. Mahakama ya Juu ya nchi ikasema mwaka 1954 kwamba ubaguzi huo ni kinyume cha katiba, na shule zilipokuja kuunganishwa, kwa miaka mingi baadaye, sehemu nyingi iliyofungwa au kushushwa hadhi ilikuwa ya weusi, jina likafutwa, vikombe vikapotea, vitabu vya mwaka vikabaki kwenye masanduku ya watu nyumbani. Kwa hiyo ukitafuta kwa jina la shule iliyopo leo nusu ya mji huioni. Hot Springs ya weusi ilikuwa Langston High School, na huko ndiko alikosoma Bobby Mitchell, mchezaji wa futiboli ya Marekani aliyeingia timu ya Washington 1962, timu ya mwisho ya ligi kuu kukubali wachezaji weusi, na 1983 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mchezo huo. Clinton na Mitchell, mji mmoja, milango miwili tofauti. Tafuta jina la shule iliyofungwa kwanza, halafu tafuta chama cha waliosoma pale, mara nyingi bado wanakutana, na makanisa ya mtaa yanawajua.

Na msiishie kwa waimbaji na wachezaji. Rudy Perpich, baba yake mchimba madini kutoka Kroatia, alimaliza Hibbing 1946, akawa daktari wa meno, akakaa kwenye bodi ya shule hizo hizo, ndio baadaye akawa gavana wa Minnesota.

Kwenye kuandika, kila mtu mstari mmoja: jina la leo, jina la shuleni kama lilikuwa tofauti, shule yenyewe kwa jina la wakati ule, alihitimu au alisoma tu, mwaka kama umeuona kwa macho yako, halafu alichofanya. Mwaka usipouona acha wazi. Mfano: Bobby Mitchell, Langston High School, Hot Springs, mchezaji wa futiboli, Cleveland kisha Washington, ukumbi wa heshima 1983.