Umemkimbia trafiki ukagonga: ya kufanya ukiwa bado ndani ya gari

Mimi nilikuwa dereva wa Probox, Malindi kwenda Marereni, pwani ya Kenya, na paja langu la kulia lina chuma. Stika ya ukaguzi ilikuwa imekwisha, faini yake shilingi 10,000, mfukoni nina mia tisa. Nimevuka daraja la Sabaki, naona kizuizi mbele, nikakata njia ya mchanga. Punda akanitokea, nikamkwepa, mnazi ukanipokea. Bahati sikuwa na abiria.

Zima injini kwanza. Petroli ikivuja watu watafika na vidumu kabla hajafika mtu wa machela, na hakosi mmoja mwenye sigara. Mpigie kelele.

Kama shavuni una muguka, yale majani ya kutafuna, utoe kwa kidole sasa hivi. Ukizimia nao utakukaba.

Halafu usishuke. Hapa ndipo nilipojiponza. Gari limesimama lakini moyo bado unakimbia, nikafungua mlango nikakanyaga chini. Nilisikia mfupa ukisagana, kama unavyoburuta gunia la kokoto, ndipo nikaanguka. Paja likivunjika damu huweza kumwagikia humo humo ndani, hata zaidi ya lita moja, na nje usione tone. Ukiona suruali inabana upande mmoja na jasho la baridi linakutoka, sema "paja". Usiseme "niko sawa".

Watu wetu wana huruma, na huruma yao ina mikono mingi: huyu kwapani, yule miguuni, haya vuta! Kama gari haliwaki moto, kataa. Mwambie mmoja, "Kaka, nishikie kichwa tu, shingo isipinde, mpaka gari lije." Moto ukiwapo mtolewe haraka, lakini kichwa na mgongo viende pamoja. Mguu uliovunjika hufungwa na ule mzima, katikati ukitiwa kitu laini. Wangu ulifungwa kwa leso ya mama muuza mabuyu.

Mama huyo huyo alinipa dafu, nikalimaliza. Nawe utapewa, na kiu itakuwa kali kweli, lakini usinywe. Daktari wa dawa ya usingizi aliniuliza nina nini tumboni. Nikasema dafu na mahamri mawili. Operesheni ikasogezwa mbele.

Namba ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Ukisikia polisi uliowakimbia wamefika, waite. Mimi walinilaza nyuma ya Land Cruiser yao, na hakuna gari jingine lililokuwa karibu.

Hospitalini sema kweli yote: pombe, muguka, dawa. Nesi si trafiki. Mahali pa kwanza nilipofikishwa waliniuliza pesa kabla ya jina. Kaka yangu akawasomea Katiba kwenye simu, Kifungu cha 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Walikunja uso, lakini dripu ilitundikwa.

Polisi akikaa kando ya kitanda, mpe jina na leseni. Mengine una haki ya kunyamaza mpaka upate wakili, na ukishakamatwa unatakiwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama muda huo umeishia usiku au wikendi. Ajali nayo iripotiwe kituoni ndani ya saa 24. Mtume mtu wa nyumbani, na asirudi bila namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Atakuja rafiki akwambie atasema yeye ndiye aliyeshika usukani. Mshukuru, umkatalie. Mkanda ulinichora mstari mwekundu kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto. Aliyekaa kiti cha abiria huchorwa kinyume. Daktari aliuona kabla sijafungua mdomo.

Bima ya mtu wa tatu haikulipi wewe dereva uliyejigonga, kwa hiyo usimsumbue wakala. Na ukirudi nyumbani shangazi ataleta mkandaji wa mifupa. Mkaribishe chai, mguu usimpe.

Ile leso ninayo mpaka leo. Nimeifua mara tatu, damu haijatoka kwenye jina, yale maandishi ya leso, naona haya kumrudishia mwenyewe.