Kabla ya Kwenda Kula Bufee ya Vyakula vya Baharini Mbeya

Mbeya haina bahari. Kamba, pweza na ngisi unaowakuta kwenye bufee ya Jumamosi jioni wametoka Dar es Salaam, wakapita Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako, safari ya zaidi ya kilomita 800, na sehemu kubwa ya mwanzo wake ni joto la mabondeni. Kwa hiyo siku moja kabla piga simu, na kabla ya kuuliza bei uliza samaki wamefikaje.

Jibu zuri ni kwamba waligandishwa kulekule pwani na wamefika wameganda. Ukiambiwa ni wabichi kabisa, wameshuka leo asubuhi, usifurahi haraka, kwa sababu barafu ya kwenye boksi huyeyuka njiani na hakuna anayejua iliisha wapi. Kinachoharibu zaidi ni samaki kuyeyuka kisha kugandishwa tena. Umeme ukikatika saa nyingi, hilo hutokea hata kwenye friza nzuri. Uliza kama wana jenereta. Kamba waliopitia hali hiyo hujitaja wenyewe: nyama hupondeka ukiibana kwa uma, kichwa kimekuwa cheusi, na chini ya sahani hubaki maji.

Wako wanaostahimili safari na wasioistahimili. Pweza ndiye wa kuaminiwa kuliko wote, maana kuganda humlainisha. Ngisi naye hana neno. Kamba ni wazuri ikiwa waligandishwa mara moja tu. Chaza wabichi usiwaguse Mbeya hata wakiwekewa ndimu na pilipili, kwani chaza anapaswa kuwa hai hadi dakika ya kufunguliwa, na ndimu haiui vimelea vyake.

Jodari, nguru na vibua wanahitaji tahadhari ya peke yake. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kwa kugandishwa. Samaki anaweza asinuke kabisa. Dalili yake ni kuwasha mdomoni kama umekula pilipili, kisha ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga na moyo unaenda mbio. Ukisikia mwasho huo kwenye tonge la kwanza, tema na uache.

Usishangae nusu ya meza ikiwa ni ya maziwani. Mnofu mweupe uliopakwa unga na kukaangwa mara nyingi ni sangara wa Ziwa Victoria, na hakuna ubaya mradi hauuzwi kwa jina la samaki wa baharini. Kwa maoni yetu, ukikuta samaki wa Ziwa Nyasa walioletwa kutoka Kyela siku hiyohiyo, anza na hao: wamepanda kupitia Tukuyu kwa saa chache tu. Mbasa, mmoja wa samaki wa ziwa hilo, ana miiba mingi myembamba, hivyo mchambulie mtoto kwanza.

Mwenye mzio wa kamba au kaa aulize jambo moja zaidi: je, chipsi na samaki vinakaangwa kwenye mafuta yaleyale ya kamba? Kwenye bufee ya bei nafuu jibu huwa ndiyo, na koleo moja huzunguka vyombo vitatu. Kama umewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula kamba, bufee hii si yako, hata ukikwepa chombo cha kamba chenyewe.

Upande wa pesa, bei inayotajwa kwa mtu mmoja si bei ya mwisho. Uliza kama kodi ya ongezeko la thamani (VAT) imo ndani, kama maji na soda vinalipiwa kando, watoto wanahesabiwa kwa umri gani, na kama kuna faini ya kubakiza chakula. Kufungasha huwa hakuruhusiwi. Kumbuka pia kwamba kwa kamba mzima karibu nusu ya uzito ni kichwa na ganda. Rundo kubwa la sahani ni nyama kidogo.

Kama bufee iko ndani ya kasino, jua kwa nini ni rahisi. Desturi hiyo ilienea kutoka Las Vegas, ambako miaka ya 1940 hoteli ya El Rancho Vegas iliuza mlo wa kujihudumia kwa dola 1 ili wateja wasiondoke karibu na meza za kamari. Kasino inapata hasara kwenye kamba na kuirudisha kwenye mashine za kamari. Nenda na pesa ya chakula tu, ukipewa kuponi ya chakula isome kama inakudai ucheze kwanza, na ukiwa na watoto uliza kama ukumbi wa chakula una mlango wake, kwa kuwa chini ya miaka 18 kamari ni marufuku kisheria.

Fika chakula kinapofunguliwa, si saa mbili baadaye. Zunguka meza nzima mikono mitupu kabla ya kuchukua sahani; wali, ndizi na chipsi huwekwa mwanzoni kwa makusudi, nawe unajua kwa nini. Vya moto vinatakiwa kubaki juu ya nyuzi 60 na vya baridi chini ya nyuzi 5. Huna kipimajoto, basi funua mfuniko: mvuke utoke kwa nguvu, na saladi ya kamba iwe juu ya barafu. Baridi ya Juni na Julai inadanganya hapa. Hupoza samaki wa moto upesi, lakini ukumbi wa nyuzi 15 bado si friji. Angalia pia wanavyojazia. Chombo kipya kibadilishe cha zamani. Wakimwagia kamba wapya juu ya waliokaa tangu saa moja jioni, ruka chombo hicho.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hata ukilipa kwa simu kupitia lipa namba, na uitunze siku tatu. Kuhara kwa chakula kibovu kunaweza kuchelewa hadi kesho yake au keshokutwa, na daktari atataka kujua ulikula nini na saa ngapi.