Kuchagua samaki wa kuishi na mbuna kwenye tangi kubwa la kioo

Mbuna, samaki wadogo wa aina nyingi wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, hupendwa na wafugaji wa samaki wa mapambo kwa rangi zao, kisha huwaliza wafugaji hao hao kwa ugomvi. Wengi hununua tangi la lita 400 wakiamini ukubwa utamaliza matatizo. Unapunguza tu. Ziwani dume aliyeshindwa huhamia mwamba mwingine. Kwenye tangi la mita moja na nusu hana pa kwenda, naye huandamwa mpaka afe.

Mbuna humwandama zaidi yule anayefanana naye. Dume hulinda jiwe lake na majike wake, na samaki mwenye rangi na milia kama yake ndiye anayemwona mshindani. Mwenye sura tofauti hupita karibu bila kusumbuliwa sana. Kwa hiyo tafuta samaki wasiofanana kwa sura ila wanaolingana kwa maji na chakula.

Chukua mfano wa demasoni, samaki wa bluu mwenye milia myeusi ya kusimama, anayepatikana upande wa Tanzania wa ziwa, kwenye miamba ya Pombo. Ni mdogo, takriban sentimita 8, lakini usidanganywe na umbo. Ukiweka watano, dume mbabe atawamaliza mmoja baada ya mwingine. Weka 12 au zaidi, na hasira yake itagawanyika, kwa kuwa hawezi kumwandama mmoja kutwa nzima. Usimchanganye na aina nyingine yoyote ya bluu yenye milia. Mwekee wenzake mbuna wa aina nyingine: Labidochromis caeruleus, ambaye ni wa njano na mpole kwa kiwango cha mbuna, na Iodotropheus sprengerae mwenye rangi ya kutu. Kwa lita 400, demasoni 15, wa njano 7 na wa kutu 7 ni mseto mzuri. Kwa aina hizi mbili za mwisho, lenga dume mmoja kwa majike watatu au zaidi.

Auratus, mbuna mwingine, ndiye anayewaponza wanaoanza. Wakiwa wadogo wote ni wa njano wenye milia myeusi, wanavutia kwelikweli, na muuzaji hana haraka ya kukueleza kitakachofuata. Wakikomaa, dume hugeuka mweusi, na tangu hapo tangi zima ni mali yake. Kenyi naye ni wa kundi hilo: dume wa njano, jike wa bluu, wote wakorofi. Mimi nisingewaweka hawa wawili na demasoni hata tangi liwe la lita 600.

Chakula nacho huamua nani aishi na mbuna. Mbuna wengi hukwangua mwani kwenye mawe na utumbo wao ni mrefu. Wakilishwa nyama nyama kila siku huvimba tumbo na kufa. Ndiyo sababu usiwachanganye na samaki wawindaji kama Nimbochromis, ambao wanahitaji protini nyingi na wakikua humeza wadogo. Aulonocara, samaki wengine wa Nyasa, ni wapole mno kuishi na mbuna wakorofi. Oscar wa Amazon aachwe kabisa: maji yake ya asili ni laini na yenye asidi kidogo, ilhali mbuna wanataka maji magumu ya pH (kipimo cha asidi) 7.8 hadi 8.6 na joto la nyuzi 24 hadi 27.

Kwa chini ya tangi, ngogo, samaki wa jamii ya kambare, wanafaa kwa kuwa mbuna hawawaoni kama washindani. Ila ukitaka vifaranga vya kuuza, usichukue Synodontis multipunctatus wa Ziwa Tanganyika. Huyu hupenyeza mayai yake wakati mbuna wanataga, jike wa mbuna huyaatamia mdomoni pamoja na yake, na vifaranga vya ngogo hutangulia kuanguliwa na kula vya mwenye mdomo. Chukua Synodontis njassae wa Nyasa.

Tangi lenye samaki wengi linataka chujio lenye nguvu, na maji yabadilishwe robo hadi theluthi kila wiki. Usizembee hapa, maana amonia itokanayo na uchafu wa samaki huwa sumu kali zaidi pH inapopanda. Panga mawe yafike karibu na uso wa maji, yenye mapango mengi kuliko madume. Nunua wote wakiwa wachanga na uwaingize pamoja. Ila wakorofi wakiwepo, hao tu waingie mwisho.

Kagua pembe za juu za tangi kila asubuhi. Samaki aliyejibanza nyuma ya bomba la chujio, rangi imepauka na mapezi yamechanika, ameshafukuzwa kila mahali. Mtoe siku hiyo hiyo. Usimpeleke mtoni wala ziwani, mpe mfugaji mwingine. Dume mbabe akizidi, mweke tangi la pembeni kwa wiki moja au mbili, upange mawe upya, ndipo umrudishe jioni taa zikiwa zimezimwa. Atakuta jiwe lake lina mwenyewe, na itambidi aanze upya kutafuta mahali.